Neva, Volga au Tom: kuchagua mji wa kusomea Urusi kwa kuutazama mto wake

Kijana anayeomba nafasi ya kusoma Urusi huanza na jina la chuo, halafu kitivo, halafu ada. Mji huja mwisho, na mto unaopita mjini hauulizwi kabisa. Fomu ya ufadhili wa serikali ya Urusi humruhusu mwombaji kuorodhesha hadi vyuo sita kwa mpangilio wa anavyovipenda, na wengi hujaza nafasi hizo sita kwa kufuata majina makubwa tu. Tunashauri utazame ramani kwanza. Mitaala ya shahada moja hufanana sana kutoka chuo hadi chuo, kwa sababu viwango hutoka serikali kuu. Kisichofanana ni aina ya baridi utakayoishi nayo miaka minne hadi sita, saa ya jua kuchomoza, na namna ya kurudi bwenini usiku. Mto una mkono wake katika mengi ya hayo.

Tunalinganisha miji mitatu: Saint Petersburg iliyo juu ya Neva, Kazan ya Volga na Tomsk ya Tom. Moscow tumeiacha makusudi. Baridi yake iko kati ya Petersburg na Kazan, maisha ni ghali, na anayekwenda huko, hasa Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba kilichoanzishwa 1960, huwa ameshaamua.

Mito yenyewe

Neva ina kilomita 74 tu, fupi kuliko barabara ya Dar es Salaam hadi Chalinze. Lakini inatoa maji ya Ladoga, ziwa kubwa kuliko yote Ulaya, na kupitisha wastani wa karibu mita za ujazo 2,500 kila sekunde hadi Ghuba ya Ufini. Mji ulianzishwa 1703 juu ya visiwa vya kinamasi mdomoni mwa mto huo, na tabia ya kinamasi haijawahi kuuacha. Mafuriko ya Petersburg hayatoki juu ya mto. Upepo wa magharibi husukuma maji ya bahari ndani ya ghuba, Neva ikakosa pa kumwagika, maji yakapanda mjini. Mwaka 1824 yalifika sentimita 421 juu ya kipimo cha kawaida, na 1924 sentimita 380. Tangu 2011 kuna ukuta wa kilomita 25 unaokatiza ghuba na kufungwa dhoruba inapokuja, kwa hiyo mafuriko yasikutie hofu. Kilichobaki ni unyevu na upepo.

Volga ina kilomita 3,530, lakini mbele ya Kazan huuoni mto wa asili. Unachokiona ni bwawa la Kuybyshev, lililojazwa kati ya 1955 na 1957. Kabla ya hapo Volga ilipita kilomita kadhaa kutoka mjini. Bwawa lilipojaa, maji yalisogea, na mto mdogo wa Kazanka chini ya ngome ya Kremlin ukapanuka ukawa kama ghuba. Wakati wa baridi uwanja huo wote huganda, na wavuvi hukaa juu yake na ndoano zao tangu alfajiri. Mandhari ni tulivu, ila anayevuka daraja kwa miguu mwezi Januari hupigwa na upepo usio na kizuizi.

Tom ndio mto wa kuuelewa vizuri, kwa sababu ndio unaoweza kukuletea matatizo. Una kilomita 827, unatoka milima ya kusini na kuelekea kaskazini hadi uingie mto mkubwa wa Ob. Huko kusini joto hufika mapema. Barafu hukatika sehemu ya mto iliyo kusini wakati ile ya kaskazini bado ni ngumu kama saruji, mapande makubwa hushuka na mkondo, yakifika sehemu iliyoganda yanapandana na kuziba njia. Maji ya nyuma hayana pa kwenda, hutoka kando. Masika ya 2010 yalijaza maji vitongoji vya chini vya Tomsk kwa njia hiyo hiyo. Kila mwaka, kabla ya mwisho wa Aprili, wataalamu hukata mistari kwenye barafu na kulipua sehemu zinazoziba. Ukichukua chumba cha kupanga Tomsk, uliza kama nyumba iko juu ya kilima au chini kando ya mto. Mabweni ya vyuo vikuu yako katikati ya mji, juu, na hayana shida hiyo.

Neno moja kwa mito yote mitatu: usikanyage barafu kwa sababu umewaona wengine. Kwa mtu mmoja anayetembea, barafu ya maji yasiyo ya chumvi inatakiwa iwe na unene usiopungua sentimita 10, na iwe ya kung'aa yenye rangi ya samawati au kijani. Barafu nyeupe ina karibu nusu ya nguvu hiyo. Chini ya madaraja na panapomwagika maji ya moto ya viwanda huwa nyembamba hata katikati ya Februari. Neva ina ujanja wa ziada: barafu yake yenyewe huondoka masika, watu wanadhani imekwisha, halafu siku kadhaa baadaye inashuka barafu ya Ladoga na baridi inarudi mjini.

Baridi ya unyevu na baridi kavu

Wastani wa Januari ni nyuzi 5 chini ya sifuri Petersburg, 10 chini ya sifuri Kazan, na 17 chini ya sifuri Tomsk. Ukitazama namba tu utasema Petersburg ndiyo rahisi. Lakini joto linalocheza karibu na sifuri huyeyusha theluji mchana na kuigandisha usiku. Viatu hulowa, havikauki hadi asubuhi, na chumvi inayomwagwa njiani hula ngozi ya kiatu. Petersburg inadai jozi mbili za buti zenye soli ya mpira na koti lisilopitisha maji wala upepo. Barafu inayoning'inia kwenye mapaa ni hatari ya kweli pia, hasa Februari na Machi. Ukiona utepe umefungwa kando ya ukuta, pita upande wa barabara, wala usiuruke kwa sababu una haraka.

Tomsk baridi ni kavu, theluji ni ya unga na hukung'utika nguoni kabla haijalowesha kitu. Ukiwa umevaa sawasawa, siku ya nyuzi 20 chini ya sifuri isiyo na upepo inavumilika. Ila kosa halisamehewi. Ikifika nyuzi 35 chini ya sifuri, na hufika, kidole kisicho na glavu hupoteza hisia ndani ya dakika chache. Vaa tabaka tatu: nguo ya ndani inayobana mwili, sweta la sufu, na koti la manyoya ya bata linalofika chini ya nyonga. Buti ziwe kubwa kwa saizi moja ili soksi nene ikae na hewa ipate nafasi. Buti inayobana huzuia damu, na mguu huganda ndani ya kiatu cha bei ghali. Mikononi vaa glavu nyembamba, juu yake glavu za mfuko, zinazofunika vidole vyote pamoja. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, maana betri iliyokuwa na asilimia 60 inaweza kuzima ghafla nje.

Sweta za sufu na nguo za ndani unaweza kuzipata kwenye mitumba ya Gikomba au Kariakoo kwa bei nzuri. Koti na buti za Tomsk nunua huko huko. Koti la mtumba mara nyingi lilishonwa kwa majira ya baridi ya Uingereza au Ujerumani: zipu yake haina kitambaa cha kuziba upepo nyuma, na hapo ndipo kifua kinapopata baridi. Koti hilo hilo linafaa Petersburg. Kazan linafaa hadi Desemba.

Wageni wengi hushangaa kwamba miezi ya taabu bwenini si Januari. Joto la majumbani huwashwa na mamlaka za mji kwa pamoja, na kwa kawaida huwashwa baada ya siku tano mfululizo ambazo wastani wa siku uko chini ya nyuzi 8. Kabla ya siku hiyo, mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, utalala na sweta. Likishawashwa, chumba huwa na joto na hewa hukauka mno. Ngozi hupasuka, nywele hukatika. Mafuta ya nazi uliyobeba kutoka nyumbani huganda yakawa meupe kama mshumaa kila chumba kinaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi. Hayajaharibika, yaweke mfukoni dakika chache. Taulo mbichi juu ya bomba la joto usiku husaidia kuliko mafuta yoyote.

Saa za jua

Jambo hili halimo kwenye vipeperushi vya vyuo, na ndilo huwaangusha wengi mwaka wa kwanza. Saa zifuatazo ni za Kiswahili, za kukadiria, kwa saa rasmi ya kila mji.

| Mji | Desemba: kuchomoza – kuzama | Juni: kuchomoza – kuzama | Tofauti na Nairobi na Dar |
|---|---|---|---|
| Saint Petersburg | 4:00 asubuhi – 9:55 alasiri | 9:35 usiku – 4:25 usiku | hakuna |
| Kazan | 2:10 asubuhi – 9:10 alasiri | 9:00 usiku – 2:30 usiku | hakuna |
| Tomsk | 3:55 asubuhi – 10:40 jioni | 10:30 alfajiri – 4:15 usiku | saa 4 mbele |

Petersburg ndiyo yenye siku fupi kuliko zote, chini ya saa sita mwezi Desemba, na mara nyingi saa hizo sita ni za mawingu. Mwanafunzi huingia darasani giza na kutoka giza. Mwenye ngozi nyeusi kwenye latitudo ya 60 hapati vitamini D kutoka kwenye jua tangu Oktoba hadi Machi, kwa hiyo pima damu mwaka wa kwanza na ufuate ushauri wa daktari kuhusu vidonge. Ujira wake huja Juni, usiku mweupe ambapo anga haliwi giza kamili. Basi nunua pazia zito, la sivyo hulali wakati wa mitihani.

Kazan ina siku ya saa saba Desemba, lakini iko mashariki mno kwa saa ya Moscow inayoitumia, ndiyo maana jua huzama mapema sana. Jitahidi kupata vipindi vya asubuhi. Tomsk ina mchana mfupi kidogo kuliko wa Kazan, ila saa yake imesogezwa mbele, kwa hiyo jioni inabaki na mwanga. Isitoshe anga la Siberia wakati wa baridi kali huwa wazi, na jua juu ya theluji humulika hadi unakunja macho. Anayejijua kwamba giza humvunja moyo afikirie sana kabla ya kuweka Petersburg nafasi ya kwanza.

Tofauti ya saa si jambo dogo kwa familia. Petersburg na Kazan zina saa ileile ya Afrika Mashariki. Ukiwa Tomsk, mama akimaliza kazi za nyumbani saa mbili usiku, kwako ni saa sita. Tangu Agosti 2025 simu za sauti za WhatsApp na Telegram zimewekewa vikwazo nchini kote, na intaneti ya simu huzimwa mara kwa mara katika mikoa mingi kwa sababu za kiusalama. Kubalianeni na nyumbani siku na njia ya mawasiliano kabla hujaondoka, ili ukimya wa siku mbili usiwatie kiwewe.

Kuzunguka mjini na kufika huko

Petersburg ina metro ya tangu 1955, iliyochimbwa chini sana kwa sababu ya udongo wa kinamasi. Kituo cha Admiralteyskaya kiko mita 86 chini ya ardhi. Ni usafiri mzuri hadi karibu saa sita usiku. Halafu, tangu Aprili hadi Novemba, madaraja makubwa ya Neva hufunuliwa usiku kupitisha meli, kuanzia saa saba na kitu hadi karibu saa kumi na moja alfajiri. Chuo kikiwa upande mmoja na bweni upande mwingine, mfano kisiwa cha Vasilyevsky, ukichelewa unasubiri alfajiri ukingoni. Unapopangiwa bweni, uliza liko upande gani wa mto.

Kazan ina mstari mmoja wa metro wenye vituo 11, mabasi, na tramu, na mji wa watu milioni 1.3 unazungukika bila taabu. Kutoka Moscow ni usiku mmoja wa treni. Tomsk haina metro. Utapanda tramu, trolibasi, na vibasi vidogo viitwavyo marshrutka, ambavyo mtu wa daladala au matatu atavizoea siku ya kwanza. Njia kuu ya reli ya Siberia haikupita Tomsk: treni huchepuka kituo cha Taiga, kilomita 80 hivi kusini, na kutoka Moscow ni zaidi ya siku mbili. Ndege huchukua saa nne. Ukichagua treni kwa bei, behewa la wazi liitwalo platskart lina vitanda 54. Kataa namba 37 na 38, zilizo ubavuni karibu na choo, mlango hugongwa usiku kucha.

Karibu kabisa na Tomsk kuna Seversk, mji uliofungwa wa mambo ya nyuklia. Mgeni haruhusiwi kuingia bila kibali maalumu. Soma bango la basi kabla ya kupanda.

Chakula, ibada na lugha ya mtaani

Hapa Kazan haina mpinzani, na tunalisema bila kusita. Ni mji mkuu wa Tatarstan, na Watatari wengi ni Waislamu. Ngome yake imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na ndani yake msikiti wa Kul Sharif, uliofunguliwa 2005, umesimama karibu na kanisa kuu la Kiorthodoksi. Msikiti wa Marjani katika mtaa wa zamani wa Watatari umekuwepo tangu karne ya 18. Chakula cha halali hakitafutwi, kiko kila kona. Echpochmak, kitafunio cha pembe tatu chenye nyama na viazi ndani, mla sambusa atakielewa kwa macho, ila unga wake ni mnene na huokwa. Petersburg ina msikiti mkuu wenye kuba la samawati karibu na metro ya Gorkovskaya, na Tomsk ina misikiti miwili, Mweupe na Mwekundu, lakini katika miji hiyo nyama ya halali unaifuata.

Ramadhani za miaka hii zinaelekea katikati ya majira ya baridi, kwa hiyo saumu ya huko ni fupi kuliko ya pwani yetu. Hali itageuka zikirudi Juni, lakini utakuwa umeshahitimu.

Mabango ya Kazan huandikwa Kirusi na Kitatari. Sikiliza Kitatari hicho: kitap ni kitabu, donya ni dunia, vakyt ni wakati, khaber ni habari, kalem ni kalamu. Kiarabu kilifika Volga na kikafika Lamu. Haya hayakupunguzii kazi ya Kirusi, ambacho lazima ukisome mwaka mzima wa maandalizi. Hata ukiomba udaktari unaofundishwa kwa Kiingereza, mgonjwa wodini atakueleza maumivu yake kwa Kirusi. Lakini mgeni anayesalimia kwa neno la Kitatari hupokewa kwa namna nyingine.

Yanayoharibika, na kwa nini

Tomsk, tishio la Aprili hadi Julai ni kupe wa misitu ya taiga, ambao hueneza homa ya uvimbe wa ubongo. Chanjo ina dozi mbili zinazotangulia na ya tatu baada ya mwaka, nayo huanza vuli au katikati ya baridi. Ukiisubiri Mei umechelewa. Kupe akikuuma, mtoe, mhifadhi kwenye chupa, umpeleke kupimwa siku hiyo hiyo, kwani kingamwili hutolewa ndani ya siku nne tu. Kupe wako Petersburg na Kazan pia, lakini Siberia ndiko kwenye hatari zaidi.

Petersburg katika miaka ya 2000 iliona mauaji ya wanafunzi Waafrika mikononi mwa magenge ya chuki. Hali imepungua sana tangu hapo, ila usiku wa mechi kubwa bado si usiku wa kupanda metro peke yako. Katika miji yote mitatu tembea na nakala ya pasipoti na karatasi ya usajili wa makazi, kwa sababu polisi huomba.

Kuhusu Tatarstan tuwe wazi. Kusoma Kazan ni jambo moja, na ofa za kazi za Yelabuga, karibu kilomita 200 mashariki kando ya mto Kama, ni jambo jingine kabisa. Tangu 2024 vyombo vya habari vimeripoti wasichana wa Kiafrika walioahidiwa mafunzo na kazi wakajikuta wakiunganisha droni za kivita. Aprili 2024 droni za Ukraine zilipiga bweni huko. Ofa yoyote inayochanganya "masomo" na mshahara wa kiwandani iache, hata kama tiketi imelipiwa. Vivyo hivyo mkataba wowote wa jeshi unaowekwa mbele yako kwa lugha usiyoisoma.

Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huko tangu Machi 2022. Beba fedha taslimu za kukutosha angalau miezi miwili, hadi ufungue akaunti.

Kitivo na kipaumbele

Ubaharia, sanaa, na madini vinaivuta Petersburg, yenye chuo cha madini cha tangu 1773. Kazan ina chuo kikuu cha 1804, ambacho mwanahisabati Lobachevsky alikiongoza kwa miaka 19, na ina shule imara za udaktari, kemia, na uhandisi wa ndege. Tomsk ndiyo iliyopata chuo kikuu cha kwanza cha Siberia, kilichoanza kufundisha 1888, na chuo cha ufundi kilichoanzishwa 1896. Ni mji ambao wanafunzi ni sehemu kubwa ya wakazi, maisha ni nafuu, nyumba za mbao zenye madirisha ya nakshi bado zimesimama, na mtu wa fizikia, nishati au jiolojia atapata maabara na utulivu. Kama huna sababu ya kitivo inayokulazimisha, tungeweka Kazan ya kwanza, Tomsk ya pili, Petersburg ya tatu. Mwenye mfuko mzuri na anayependa makumbusho na bahari anaweza kuigeuza orodha hiyo bila majuto.

Halafu angalia tarehe ya kufika. Viza ikitoka Septemba, mji wowote unafaa, mwili utapata wiki kadhaa za kuzoea. Ikichelewa hadi Desemba, Petersburg na Kazan bado zinaingilika ukiwa na nguo za kawaida za baridi, ukanunua nyingine wiki hiyo. Tomsk haikupi wiki hiyo. Utashuka ngazi za ndege na kwenda kwa miguu hadi basi la uwanjani, pengine nyuzi 25 chini ya sifuri. Koti, kofia, na glavu viwe mkononi mwako ndani ya ndege. Visiwe kwenye sanduku ulilokabidhi Dar.